Mtego wa Khadidja

Karimu alikuwa fundi wa redio, na nyumba yake ya Gasenyi ilijulikana mtaani kwa vicheko vya Jumamosi alasiri. Rafiki zake wawili walikuja kucheza: Népomuscène, karani wa ofisi moja ya Rohero, na Ingrid, mwalimu wa hisabati. Mchezo wao ulikuwa wa maneno. Msimulizi anaeleza mahali, tuseme ngome kuukuu yenye hazina na hatari, na wachezaji, kila mmoja akiwa na mhusika wake, wanasema watafanya nini. Pale mambo yanapokuwa ya bahati, dadu inarushwa.

Msimulizi alikuwa Karimu, na alikuwa na sheria moja. Kwake mtego hautafutwi kwa dadu. Ukitaka kujua kama mlango una mtego, sema umeweka mkono wapi, umegusa nini, umechungulia upande gani. Ingrid aliwahi kulalamika kwamba kwingine watu hurusha dadu tu na kuambiwa kama wameona au hawakuona. Karimu alimjibu kwamba dadu haina macho.

Kisha kiharusi kikampata dukani kwake. Khadidja, mkewe, alipoitwa alimkuta sakafuni kati ya redio zilizofunguliwa. Mguu ulipona polepole, mkono nao ukafuata kwa kusitasita, lakini maneno hayakurudi. Aliyajua yote, ilionekana machoni. Ila akitaka chumvi, ulimi ulileta "dirisha", au haukuleta kitu. Mwishowe akaacha kujaribu. Khadidja alishinda akimtangulia kila aendako, akikunja mkeka asijikwae, akiondoa kigoda njiani, akimjibia wageni. Rafiki zake waliendelea kuja. Walikunywa chai, wakazungumza kwa sauti kubwa kana kwamba Karimu amekuwa kiziwi, wakaondoka mapema.

Hospitalini kulikuwa na mama aliyewafundisha wagonjwa kusema tena. Alimwuliza Khadidja mumewe alipenda kuzungumza juu ya nini. Khadidja akafikiri, akacheka kidogo, akajibu kwamba alipenda mitego.

Jumamosi iliyofuata akakaa kwenye kiti cha msimulizi. Hakuwahi kucheza, aliusikia mchezo akiwa jikoni tu, miaka na miaka, na kumbe masikio yalikuwa yamehifadhi mengi. Aliwaambia wageni kwamba sheria ya Karimu inabaki, na akaongeza ya kwake: asiwepo wa kumsaidia Karimu kumaliza neno. Kwa Népomuscène, mtu wa haraka, hiyo ilikuwa adhabu.

Akawaeleza ushoroba wa mawe wenye sanduku mwishoni, kisha akamgeukia mumewe. "We, Karimu, unafanya nini?"

Karimu alitazama mezani. Népomuscène alimwonea huruma, akamsogezea dadu, akaomba mgonjwa aruhusiwe kuirusha. Karimu akaisukuma kwa mkono wake mbovu mpaka ikaanguka chini. Wakangoja. Chai ikapoa.

"Fi... fimbo," akasema. Akafumba macho. "Gonga. Chini."

Ingrid alijifanya anatafuta kitu mkobani, ili machozi yasionekane. Khadidja akasema fimbo imegonga, na jiwe ni jiwe tu, hakuna hatari.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Kamba ikarudi, bawaba ikarudi, ufa, vumbi, unyevu. Katikati ya wiki Karimu akaanza kumwita mkewe kwa jina, au kwa jina linalokaribiana nalo. Lakini mchezoni, kila alipopapasa hakukuwa na mtego. Milango yote ilifunguka, masanduku yote yalikuwa salama. Wageni waliliona hilo wakanyamaza, maana nao walitaka iwe hivyo.

Alasiri moja walifika kwenye sanamu ya mamba yenye kito kinywani. Karimu aligusa meno, akachungulia koo, akapuliza vumbi. Khadidja akasema ni salama, akichukue. Karimu hakukichukua. Alimtazama mkewe, wala si kwa hasira.

"Apana," akasema. "Mutego... iko wapi?"

"Haiko. Si nimekuambia."

"Hapa haiko. Kule haiko." Akapumzika. "We... umetoa. Yote."

Khadidja akakiri. Akaeleza kwamba tangu alipomkuta dukani, hawezi kutamka kwamba Karimu ameanguka, hata ikiwa ni mchezo, hata ikiwa anayeanguka ni mtu wa kubuni.

"Nikuangushe mi mwenyewe? Kwa mudomo wangu?"

Karimu alitafuta maneno kwa muda mrefu, na safari hii hakuna aliyehitaji kukatazwa kumsaidia.

"Kama haiko," akasema, "basi sitafuti. Nacheza tu... kama mutoto." Akamshika vidole. "Niangushe, Khadidja."

Khadidja alitengeneza kitambaa chake kichwani. Akaanza upya, ushoroba mwingine, mwembamba, wenye giza. Karimu alipapasa ukuta huu na ule, akatazama dari, akanusa hewa. Sakafu aliisahau. Khadidja alimpa nafasi, akamwuliza kama ni hayo tu. Karimu akasema ni hayo.

"Sakafu imefunguka," Khadidja akasema. "Umeanguka."

Karimu alianza kucheka kwa upande mmoja wa mdomo, kisha mabega yakafuata, kisha tumbo. Khadidja alishika kifua chake mwenyewe, naye akajikuta anacheka huku machozi yakimtoka. Népomuscène alikwisha kudai kamba. Ingrid alitaka kwanza kujua kina cha shimo. Wakabishana kama zamani, kila mmoja akimkata mwenzake.

Karimu hakuwasubiri.

"Ukuta," akasema, mkono umeinuliwa hewani mbele yake. "Napapasa ukuta. Ya kushoto. Iko... iko mulango?"

Khadidja hakuwa amefikiria mlango. Lile lilikuwa shimo tu. Akamtazama mumewe, aliyekuwa amemwelekezea uso, akingoja.

"Shusha mukono kidogo," akamwambia. "Umegusa chuma baridi."