Mkanda Wenye Uzi wa Buluu

"Gari hili halijawahi kunilaza njiani, na halitaanza leo," Uzair alimwambia dada yake Naeema asubuhi ile, akilipigapiga boneti kwa kiganja kama mtu anayemsifu ng'ombe wake wa maziwa. Boneti ikajibu kwa kudondosha skrubu moja.

Nawapa kisa hiki kwa sababu feri bado iko mbali na chai yenu hapa kibandani haijafika nusu. Huyo Uzair simsemi kwa ubaya. Ni kijana wa Kisumu, mchangamfu, hana neno na mtu. Ugonjwa wake ni gari. Gari la michezo, jekundu, milango miwili, limetoka kiwandani Japani kabla yeye hajatoka tumboni kwa mamake. Taa zake hujificha ndani ya boneti. Ukibonyeza swichi zinainuka kama macho ya chura. Yaani zilikuwa zinainuka. Siku hizi linainuka jicho la kushoto tu, kwa hiyo gari linakonyeza wake za watu mji mzima.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Uzair alilipata kwa bei ya kutupa, akadhani amelinunua mara moja na basi. Kumbe gari la namna hiyo unalinunua kila mwezi, kipande kwa kipande. Januari klachi. Machi rejeta. Aprili ekzosi, iliyobaki juu ya tuta la Kondele kwa sababu gari limelala chini kama nyoka. Matairi yake hayapatikani mpaka uagize Nairobi. Ukienda kwa watu wa bima, wanauliza umri wa gari, kisha wanauliza umri wako, kisha wanaitana waje wakuone. Na petroli linakunywa kama matanga yanavyokunywa chai.

Fundi wake, Owiti, alikuwa ameshamwonya. "Bwana Uzair, huu mkanda wa feni umepasuka kama kisigino. Badilisha."

"Wiki ijayo, fundi."

Wiki hiyohiyo Uzair akanunua ngozi mpya ya kuvalisha usukani.

Sasa Naeema. Alikuwa amemaliza chuo cha ualimu na kukaa nyumbani miaka miwili akisubiri. Ndipo shule moja upande wa Mbita ikamwandikia: aripoti Jumatatu kabla ya saa kumi jioni, akichelewa nafasi inakwenda kwa anayemfuata. Alitaka kupanda gari la abiria alfajiri, afike Luanda Kotieno mapema, avuke na feri ya saa nane bila haraka. Uzair akakataa katakata. Dada yake, mwalimu, abanwe kati ya magunia? Atampeleka mwenyewe, kwa heshima. Naeema alimwangalia, akaliangalia gari, akapanda. Hilo ndilo lililomuuma Uzair baadaye: kwamba alimwamini.

Walipopita Kisian, mshale wa joto ukaanza kupanda. Uzair akawasha hita.

"Unafanya nini?" Naeema akauliza. Jua lilikuwa linachoma, na dirisha lake lilikuwa limekwama tangu mwaka jana.

"Ni ujanja wa mafundi. Joto la injini linavutwa, linatoka."

"Linatoka wapi?"

"Hapa kwetu."

"Uzair, unanipeleka kazini ama unanipika?"

Kombewa wakasimama kuongeza maji. Walipoondoka, kukaanza mlio chini ya boneti, kama paka aliyekanyagwa mkia na anajua aliyemkanyaga.

"Hiyo ni nini sasa?"

"Hiyo? Hiyo ndiyo sauti ya gari la michezo. Wenzako huilipia."

Karibu na njia panda ya Asembo Bay sauti ya kulipiwa ikakatika. Pap! Mshale ukagonga mwisho, mvuke ukatoka kila mahali, na gari likajisogeza lenyewe kando ya barabara kama mgonjwa anayetafuta pa kulala. Uzair akafungua boneti. Mkanda wa feni ulikuwa umelala juu ya injini, vipande vitatu. Mkanda ukikatika, pampu ya maji haizunguki. Ukilazimisha, unaua injini. Saa sita na nusu. Kilomita ishirini na ushei zimebaki. Magari mawili yakapita yamejaa hadi mlangoni.

Uzair aliokota vipande akavishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe.

"Owiti aliniambia," akasema.

"Alikuambia nini?"

"Kwamba mkanda umechoka. Kwamba utakatika. Wiki tatu zilizopita."

Naeema hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa nafuu. Alichomoa barua kwenye mkoba, akaisoma tena ile saa kumi kana kwamba huenda imebadilika, akaikunja. "Ulijua," akasema, "na ukanipandisha."

Uzair, kwa kutafuta cha kufanya, akabonyeza swichi ya taa ili wapita njia waone wamekwama. Jicho la kushoto likainuka.

"Hii gari inakonyeza mimi kwa nini?"

Aliyesema alikuwa mama mmoja aliyeketi chini ya paa la mabati ng'ambo ya barabara, miguu imenyooka, nyavu zimemjaa mapajani. Jina lake Seline, mtengeneza nyavu. Uzair akavuka, akaeleza huku akiona haya, akamwonyesha vipande. Seline akavipanga mchangani mpaka vikawa duara, akavipima kwa shubiri.

"Hii inazunguka tu? Haivuti mzigo?"

"Inazunguka tu, Mama. Lakini kwa kasi, na fundo litagonga."

"Nani amesema fundo, nyathina? Mtoto wangu, kamba ya nyavu ikiwa na fundo inakata mikono ya wavuvi. Sisi tunasuka ncha ndani ya ncha."

Akatoa kamba nene ya nailoni, akaisokota mara tatu, ncha akaziingiza ndani ya mwili wa kamba mpaka usijue ilianzia wapi. Mwisho akazungusha uzi wa buluu, mizunguko mitatu. Ni alama yake. Wavu wake ukiibwa, ataujua hata ukiwa Uganda. Uzair akalegeza jenereta, akauvalisha mkanda, akakaza.

"Nikupe nini, Mama?"

"Usinipe kitu. Urudi tu uniambie kama huyu msichana alifika."

"Kesho, Mama! Na sukari nakuletea. Kilo mbili!"

Waliendesha pole pole, baiskeli zikiwapita, wakisimama mara tatu kupoza injini. Naeema alishika barua kwa mikono miwili njia nzima. Feri ilikuwa inaanza kuinua mlango wake alipokimbia, viatu mkononi, na mabaharia wakamvuta ndani.

Na kesho yake, jamani, Uzair alirudi Asembo Bay na kilo mbili za sukari. Akamkuta mama wa watu palepale, wakapika chai, wakacheka mpaka jioni. Kijana ana kasoro zake, lakini kwa ahadi...

"Sukari gani?"

Sauti ilitoka nyuma ya benchi. Mama mmoja alikuwa amesimama na gunia la nyavu za kuuza, sijui tangu saa ngapi. Aliangalia gari jekundu nyuma ya kibanda, jicho moja juu. Kisha akaangalia funguo nilizokuwa nazungusha kidoleni tangu mwanzo wa kisa, na kipande cha ule mkanda wa kamba kilichoning'inia pale, kina uzi wa buluu, mizunguko mitatu.

"Nyathina, huyo Uzair unamsema kama mtu wa mbali kwa nini? Miezi minne naangalia barabara. Sukari nilijua ni ya mdomo. Mimi nilitaka neno moja tu. Msichana alifika?"

Benchi zima likanigeukia. Nilisimama, nikaonyesha kwa kidole feri iliyokuwa inatia nanga, na mwalimu aliyefunga shule kwa likizo amesimama mbele kabisa, anapunga mkono.

"Uzair!" Naeema akaita. "Leo limekubali kuwaka?"

Mama Seline akamtazama Naeema, uso ukamfunguka. Kisha akatua gunia, akaketi mahali pangu.

"Basi nenda dukani ulete hiyo sukari," akasema. "Kwa miguu."