Koti Jekundu la Bi Tiketi

Beji ya filamu haivaliwi na mtu ambaye hakuitazama filamu hiyo mpaka taa zikawashwa. Akibainika, ataivua mwenyewe na kumkabidhi aliyembaini, pasipo ubishi wala kuomba radhi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na katika kikundi chetu hapakuwa na mtu aliyehitaji kuambiwa mara ya pili. Hata mgeni alielezwa mlangoni, kabla hajaketi.

Aliyeitunga ni Bi Tiketi. Jina hilo alilipata katika jumba la sinema la mtaani kwetu, ambako aliketi nyuma ya dirisha dogo lenye nondo tangu usichana wake hadi jumba lilipofungwa. Mumewe, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa mwendesha mashine, yule mtu wa juu, katika chumba chenye joto, aliyeturushia picha ukutani huku sisi tukisahau kwamba yupo. Sasa jumba lile ni ghala la magodoro. Kila nipitapo pale huinua uso kutazama juu ya mlango, mahali palipokuwa na bango, na macho yangu hayajakubali bado kwamba hapana kitu.

Marehemu huyo ndiye aliyetuambukiza ugonjwa wa beji. Makopo ya bati ambamo filamu zililetwa yalipochakaa, hakuyatupa. Aliyakata kwa mkasi, akasugua kingo kwa tupa, akachora juu yake kitu kimoja tu kilichotoka katika filamu: taa, kofia, ufunguo, mguu wa farasi. Kisha akalehemu pini nyuma yake. Nyuso hakuchora kamwe. Alisema uso ni mali ya mwigizaji, bali kofia ni mali ya kila aliyeitazama. Baada yake walikuja wengine, mafundi wadogo wasio na kiwanda wala duka. Mmoja alichonga mbao za masanduku, mwingine alisubu shaba jikoni kwake mpaka mkewe akamfukuza na makaa yake. Katika miaka hii ya karibuni amekuja Fundi, mwanamke kijana atengenezaye meno ya bandia kwa daktari wa meno. Siku ambazo hapana meno ya kutengeneza, kalibu zilezile na tanuri lilelile humtolea beji ndogo, laini, zenye rangi ya kung'aa iliyookwa, nzuri kuliko zote nilizopata kuziona. Kinyozi wetu husema kwamba ukizivaa beji za Fundi uangalie zisikuume.

Tulikutana sebuleni kwa Bi Tiketi alasiri ya kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Wa zamani tulikuwa mwenyewe Bi Tiketi, wifi yake, yaani dada wa marehemu, ambaye ni mshonaji wa nguo za kike, Kinyozi, nami, ambaye kwa kuwa nilifundisha shule maisha yangu yote nilikabidhiwa kazi ya uamuzi. Kila mmoja alileta kitambaa chake cheusi chenye beji, akakikunjua mezani kati ya vikombe. Hatukuuza. Tulibadilishana, na zaidi ya kubadilishana tulisimuliana, maana beji zenyewe zilikuwa kisingizio. Tulichokifuata ni vile viti vya mbao vilivyolia ukijigeuza, vumbi likielea ndani ya mwanga juu ya vichwa vyetu, na yule mzee wa safu ya nyuma ambaye hatukupata kumwona sura lakini sote tulimjua kwa kikohozi chake.

Kwa ukali wa sheria Bi Tiketi alitushinda sote. Kinyozi alipata kusema, kwa mzaha tu, kwamba filamu ya mpanda farasi ilimpita akiwa amesinzia kuanzia pale mvua iliponyesha. Bi Tiketi alinyoosha kiganja papo hapo.

"Lete."

"Nilisinzia kidogo tu, Bi Tiketi. Mvua yenyewe ilikuwa inabembeleza."

"Taa zilipowaka ulikuwa macho?"

"Ndizo zilizoniamsha."

"Basi lete, baba. Huo mguu wa farasi umeuota, hukuuona."

Kinyozi aliitoa, na tangu siku hiyo mguu wa farasi ulikaa katika kitambaa cha Bi Tiketi, naye mwenyewe akiutazama kila mwezi kama mtu atazamaye kaburi la mjomba wake.

Kifuani pake, hata hivyo, Bi Tiketi alivaa beji moja tu, mwaka hadi mwaka. Ilikuwa koti dogo la bati, kazi ya mikono ya mumewe, kutoka katika filamu tuliyoiita Mgeni wa Stesheni. Ni habari ya mwanamke ashukaye katika stesheni asikosubiriwa na mtu, akakaa benchini na koti kubwa la kiume mabegani, na kila aulizwapo ni la nani hutazama reli. Marehemu alilipaka koti hilo rangi ya kijivu, mikunjo akaitia nyeusi, na ukosi akauzungushia ufito mwembamba mweupe. Beji nyingine alizozitengeneza zilikwisha kutawanyika, nyingine zikaliwa na kutu. Ilibaki hiyo. Bi Tiketi aliivaa akipika, akiuguza wajukuu, na siku ya kumzika mwenye kuitengeneza aliivaa pia.

Jumamosi ninayoisimulia, Fundi alikuja na ombi. Alitaka kuitengeneza upya beji ile kwa kumbukumbu ya marehemu, akiwa ameleta sanduku la vipande vidogo vya rangi zilizookwa ili zichaguliwe. Yeye alizaliwa jumba likiwa limekwisha kufungwa, na filamu yenyewe hakuwahi kuiona.

"Bibi, sitaki kuharibu," alisema, akiinama karibu na kifua cha Bi Tiketi. "Niifuate rangi hii hii ya Babu?"

"Hiyo usiifuate. Marehemu alikuwa bahili wa rangi. Nyekundu ilimwishia, akapaka alichokuwa nacho. Nilimsema mpaka nikachoka, naye anacheka tu." Bi Tiketi alichakura sandukuni akatoa kipande kimoja. "Koti lilikuwa jekundu, mwanangu. Jekundu hivi. Lilipoingia stesheni kila mtu aligeuka."

Kinyozi alikuwa ameinua kikombe, nacho kikasimama njiani. Mimi niliinamia kitambaa changu nikazipanga beji ambazo zilikuwa zimepangika. Lakini Wifi hakuzaliwa na breki ya ulimi.

"Wifi, koti jekundu lipi hilo?"

"La mgeni. Kwani kuna jingine?"

"Makubwa. Ile filamu haikuwa na rangi, wifi yangu. Nyeusi na nyeupe, mwanzo mpaka mwisho. Mimi nilikaa safu ya mbele, shingo ikaniuma siku kadhaa. Labda wewe ulionyeshwa ya peke yako, mke wa mwenye mashine."

Aliyasema hayo kwa utani ule ule amtaniao kila siku tangu Bi Tiketi alipoolewa kwao. Maneno yalipokwisha kutoka ndipo alipoyaelewa. Akaishika midomo yake kwa vidole, kama ashikavyo pindo kabla ya kulishona.

Bi Tiketi alikirudisha kipande chekundu sandukuni. Akakitazama kikombe chake, akakisogeza kidogo kutoka ukingoni mwa meza.

"Ni lile bango," alisema Kinyozi kwa haraka. "Yule mchoraji alipaka kila kitu nyekundu. Hata mapadri aliwapaka nyekundu. Mtu ukikaa unalitazama mchana kutwa, hata mimi ningesahau."

"Sikusahau," alisema Bi Tiketi. "Dirisha halikufungwa mpaka nusu ya filamu, kwa ajili ya wachelewaji. Likifungwa, napanga vishina vya tiketi. Nikimaliza vishina, watoto wananisubiri nyumbani. Mle ukumbini niliingia kufagia tu."

"Hii ndiyo uliyoikosa," alisema Wifi, akimpa njia.

"Zote, wifi."

Mwanamke huyu alijua maneno ya kila filamu iliyopita mjini kwetu. Alijua mlango upi ulibamizwa, nani alicheka kwanza, gari moshi lilipiga king'ora mara ngapi kabla ya mgeni kushuka. Mara nyingi ndiye aliyetusahihisha.

"Ukuta ulikuwa wa mbao," aliendelea. "Niliyoweza kusikia nilisikia. Yaliyobaki alinisimulia yeye. Anarudi, anakula, halafu anainuka. Hakuweza kusimulia ameketi. Ile ya stesheni alikuwa anachukua blanketi letu, anajitanda mabegani, anakaa pembeni mwa kitanda, anatazama ukutani kama ndio reli. Mtu mwenye ndevu, na mimi nilikuwa nalia kweli. Aliisimulia mara nyingi kuliko alivyoionyesha. Blanketi nalo lilikuwa jekundu."

"Na hakukwambia kwamba haina rangi?" aliuliza Wifi kwa sauti ndogo.

"Nani anayesimulia kwamba kitu hakina rangi?"

Ndipo wakanigeukia mimi. Kinyozi, aliyekuwa na sababu kubwa kuliko sote ya kufurahi, ndiye aliyekuwa wakili wa kwanza.

"Mwalimu, aliyesikia yote akasimuliwa yote, huyo ametazama. Sema hivyo tuendelee na chai."

Nilimjibu kwamba sheria inasema kuitazama, nami sikupewa mamlaka ya kuivuta kama mpira. Nilijua ninachokigusa. Nilimjua marehemu tangu tukiwa wavulana, na bati lile lilikuwa limekatwa mbele ya macho yangu. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona watu wakivuliwa beji zao katika sebule ile, na sikuona ni kwa haki gani mlango ufungwe kwao ufunguliwe kwa mwenye nyumba.

Fundi alikuwa ameshika simu yake. "Samahani, wazee wangu. Nina binamu anayekusanya filamu za kale. Nikimpigia sasa ataituma. Tukae sote tuitazame na Bibi mpaka mwisho, halafu beji itakuwa yake kihalali."

Nililipima jambo hilo nikaliona halina hila. Hukumu nilikuwa sijaitoa, na mwamuzi anaweza kuahirisha shauri. Nikasema kwamba kikundi kikiridhia, na Wifi ambaye ndiye mbainishaji akiridhia, shauri lisubiri hadi filamu iishe. Wifi aliridhia kabla sijafika mwisho wa sentensi. Kinyozi alianza kusogeza kiti chake mahali pa kuonea vizuri.

"Humo koti litakuwa rangi gani?" aliuliza Bi Tiketi.

"Kijivu, Bibi. Au jeusi, kutegemea mwanga."

"Na huyo mwanamke ni kijana?"

"Nadhani. Na mzuri, bila shaka. Enzi zile walichaguliwa wazuri."

Bi Tiketi aliitazama ile simu mkononi mwa Fundi kwa muda. Wifi alimshika goti.

"Kubali, wifi. Ni saa moja na nusu tu. Mimi nitakaa karibu nawe."

"Ninayemjua mimi ana ndevu," alisema Bi Tiketi. "Ana sauti ya kaka yako. Nikimwona huyo wa kwenu, yule wangu atanitoka, na sina mtu wa kunisimulia tena." Kisha, kwa Fundi, kwa sauti ile ile aliyotumia kutuuzia tiketi: "Weka simu, mwanangu. Na beji yako itengeneze ya kijivu. Uwape walioitazama."

"Basi tuseme leo hapakuwa na kikao," alisema Kinyozi. "Mimi sikusikia lolote. Masikio yangu yamejaa nywele za wateja."

"Tukisema hivyo, itabidi nawe urudishiwe mguu wako wa farasi kwa huruma. Huupati. Wewe ulilala, na usingizi wako haufutwi na kosa langu."

"Sikuuomba."

"Ulikuwa unakaribia."

Kinyozi akacheka, naye Bi Tiketi akacheka kidogo, na katika kicheko hicho mkono wake ukapanda kifuani. Pini ilikuwa imezeeka hata chuma kimekuwa kigumu kufunguka. Wifi alitaka kumsaidia, akasukumwa mkono. Ilipofunguka, alama mbili ndogo zilibaki kwenye nguo. Bi Tiketi aliipangusa beji kwa pindo la kitambaa, mbele na nyuma, hasa nyuma, penye risasi ya kulehemu aliyoimwaga mumewe, akanyoosha mkono kumpa Wifi.

"Siitaki," alisema Wifi. Machozi yalikuwa yamemjaa. "Nitaivaaje mbele yako? Nitaonekanaje?"

"Utaonekana umeitazama filamu. Na uliitazama. Ukiikataa, wote niliowavua watasema nilikuwa nacheza."

Wifi akanitazama. Nikamwambia kwamba asipoipokea, adhabu haijatimia na mwenzake atabaki na kosa. Ndipo akainuka. Lakini mikono yake, iliyoshona magauni ya nusu ya mabibi harusi wa mji, haikuweza kuipitisha pini ile kwenye nguo. Bi Tiketi akainuka naye.

"Simama wima. Wewe ni mshonaji gani usiyejua kukaa kwa pini?"

"Umenichoma."

"Kidogo. Tulia."

Aliifunga, akarudi nyuma hatua moja kuona kama imenyooka, akaisogeza kidogo kushoto, akaketi. Nami, kama ilivyo kazi yangu, nikatamka mbele ya wote kwamba adhabu imelipwa.