Tausi wa Kushoto

Kijiko kiligonga kikombe ng'ambo ya ukuta, na Enid akajua jirani yake Desmond ameamka. Hata hakujakucha. Basi leo anamkata tausi.

Enid alikuwa amemweleza Jumatatu. Akamweleza tena Jumatano, kwa chai na keki. Tausi wawili wa majani, vichaka vilivyochongwa umbo la ndege mbele ya jumba kubwa, walikatwa na marehemu mumewe, Wilf, kwa miaka thelathini na nane, na yule wa kushoto hakuinama kwa bahati mbaya. Aliinamishwa kwa ajili ya Bi Honor, mwenye jumba. Desmond, mtunza bustani mpya, alisikiliza kwa adabu, akaisifu keki, kisha akasema bustani hutazamwa kutoka njiani, wanakopita wageni. Akatoa pimamaji, kile kifaa cha kupimia unyoofu, amwonyeshe kiputo kilivyokimbilia pembeni. Kana kwamba Enid hajawahi kuona kiputo.

Alivaa koti juu ya gauni la kulalia, akatoka. Alimkuta Desmond keshapanda ngazi, mkasi mkononi. Kichwa kile kikikatwa, kuota tena ni miaka kumi; Enid ana themanini na moja.

"Shuka."

"Bibi, haya tumeshayazungumza."

"Umeyazungumza wewe. Shuka, na hilo pimamaji lako uje nalo."

Alishuka amenuna. Hata hivyo, penye vidato vyenye umande alimshika Enid mkono, na Enid aliliona hilo. Walipita mlango wa jikoni, wakapanda hadi chumbani kwa Bi Honor, ambaye miguu ilimkatalia miaka kumi na moja iliyopita, na alfajiri humkuta macho.

"Inama," Enid akamwambia Desmond. "Zaidi. Kichwa chako kiwe sawa na mto wake. Haya, tazama."

Kulikuwa kunapambazuka. Nguzo ya dirisha iliikata bustani katikati. Tausi wa kulia alionekana mzima. Wa kushoto, kwa kule kuinama, alichungulia kando ya nguzo, kichwa chote. Angenyooshwa, kingebaki kipande cha mkia tu.

Desmond alikaa vile ameinama muda mrefu. Kisha akalitia pimamaji mfukoni.

"Mdomo umezidi urefu kidogo," akasema.

"Umezidi tangu Wilf atutoke," akajibu Bi Honor. "Yeye alikuwa akipanda huku kuuliza. Ukishaupunguza, mwanangu, njoo tena tuutazame sote."