Vitunguu vya Marehemu Yuliana

"Haki ya Mungu tena, hili si la kutunga," Mzee Gervas wa Chamazi alimwapia jirani yake, Marietha. "Vitunguu alivyoacha marehemu mke wangu vimekuwa kama vichwa vya watoto. Nikidanganya, chukua tuta lote upande mchicha wako."

Marietha akang'oa kimoja. Kikubwa kweli, lakini kilitoka bila kushika udongo, na mizizi yake ilikuwa imekatwa kwa kisu.

"Shemeji, hiki cha sokoni. Vya dada Yuliana viko wapi?"

"Vimeoza," Gervas alisema, macho chini. "Nilivimwagilia kila siku, hata vilipokomaa. Aliniambia nisivisahau."

Gervas akamkabidhi Marietha jembe la mkewe, akamwachia tuta apande mchicha wake.