Kiti cha Baba Mkwe

Usiku wa jana niliota gari langu limelazwa chini ya mgomba, limefunikwa blanketi hadi kwenye taa za mbele, na ndugu zake, Redio, Betri na wenzao, wamekuja kulijulia hali.

Sikushangaa. Gari lenyewe ni la mtumba, lilifika nchini likiwa tayari mzee, na tangu mvua zianze lina ugonjwa wa kukata injini ghafla. Taa zinawaka, redio inaimba, injini kimya. Tena halikati hovyo. Linakata nikimbeba baba mkwe tu, na akishuka kwa hasira, linawaka.

Kwetu Tukuyu mke hatazamani na baba mkwe, wala hatamki jina lake. Lakini mume wangu Ambakisye yuko kazini Tunduma, na mzee ana mtoto wa jicho anayehitaji kupasuliwa Mbeya, kwa hiyo dereva ni mimi. Humkalisha kiti cha nyuma, mgongoni kwangu kabisa, nami nakigeuza kioo cha kati kitazame dari. Bado watu wakasema mwiko umevunjwa, ndiyo maana gari linamkataa. Safari ya kwanza ya hospitali tuliishia njiani. Siku ya upasuaji ikapangwa upya, ikawa leo, na mzee akasema hapandi tena, bora abaki na giza lake. Maneno hayo yaliniuma kuliko ubovu wa gari.

Sasa, ndotoni, Fundi Mwasenga anaingia na taa yake ya kupimia. Papo hapo gari linatupa blanketi na kusimama wima.

"Unaumwa wapi?" anauliza fundi.

"Siumwi popote. Shikamoo, fundi."

"Mama Lugano, gari zima hili," fundi ananiambia, kama anavyoniambia kila siku nikiwa macho. Anazunguka nyuma ya migomba. Gari linalala tena, linakohoa. Anarudi, linasimama.

"Ni sheria," Redio ananieleza. "Mbele ya fundi hakuna ruhusa ya kuumwa."

"Basi fundi akae hukohuko kwenye migomba," nasema. "Nitauliza mwenyewe."

Betri anafungua kikao. Ni mzee mnene, ana chumvi nyeupe kwenye masharubu. Fyuzi wameketi kwenye vigoda, kila mmoja na rangi yake.

"Injini ilipokata, kila mtu alikuwa wapi?" nauliza.

"Mimi nilikuwa naimba," anasema Redio.

"Mimi sikuungua," anasema fyuzi mwekundu. "Nichungulie tumboni."

Namchungulia. Kweli, hajaungua.

Pampu ya mafuta anajifuta machozi. "Mimi nilikuwa na njaa. Umeme haukunifikia."

"Niliutuma," anasema Betri.

"Basi umepotelea njiani," nasema. "Na njiani kulikuwa na nani?"

Wote wananigeukia. Betri anakohoa. "Hilo utatuambia wewe. Nani alikuwa amekaa nyuma?"

"Yule ambaye simtaji."

"Kikao hakiendelei bila jina."

"Kisiendelee basi. Jina silitamki hata gari lioze. Lakini mahali alipokaa nitawaonyesha."

Nanyoosha kidole. Kidole kinarefuka, kinapita mlango wa nyuma, kinaingia chini ya kiti, nami nakifuata. Huko chini ni uani kwa baba mkwe. Pamefagiliwa vizuri, kuku wapo. Katikati ameketi waya mmoja, kanipa mgongo na kujifunika shuka usoni.

Naelewa mara moja. Nachuchumaa, nageukia migomba, namwambia Betri, "Mwulize anaumwa nini."

"Anauliza unaumwa nini," anasema Betri.

"Mwambie ngozi yangu nzima, ila ndani nimekatika," Waya anamjibu Betri. "Mzee akikaa, springi ya kiti inanikandamiza, ncha zangu zinaachana na umeme haufiki kwa Pampu. Akishuka zinagusana. Nimekaa chini ya mzee muda mrefu mpaka na mimi nimekuwa mkwe wa huyo mama. Ningeanzaje kumsemesha?"

"Mwulize, mbona fundi hakuona?"

"Fundi hukaa mbele, peke yake. Hata watoto hawakalii kiti hiki, wanaambiwa ni cha babu. Nani angeona?"

Nafurahi na kukasirika kwa pamoja. "Mwulize tena. Kwa hiyo si mwiko?"

Waya anacheka ndani ya shuka. "Mwambie mwiko haujui hata pampu ya mafuta iko wapi."

Anachomoa kitu kifuani, anampa Betri, Betri ananipa mimi. "Amesema ushike." Nakifunga kwenye pindo la kanga. Kuku wote uani wanapiga honi.

Nikaamka. Kumekucha. Kwenye pindo la kanga niliyolala nayo kulikuwa na fundo ambalo sikulifunga. Nikalifungua. Ndani yake mlikuwa na uzi mfupi wa shaba, ncha moja imeota kutu ya kijani.

Nilimpigia simu Fundi Mwasenga. "Njoo na spana ufungue kiti cha nyuma, upande wa dereva."

"Mama Lugano, injini iko mbele."

"Najua injini iko wapi. Njoo."

Kisha nikaenda nyumba ya pili kwa mama mkwe, aliyekuwa anakoka moto. "Mama, mwambie mzee aoge, avae. Tunaenda Mbeya. Fundi akishamaliza, gari halitamkataa tena."

Alisogeza kuni. "Kama tunaenda kweli, atakaa wapi? Au leo akae upande wa pili?"

"Palepale pake," nikasema, nikatoka kwenda kugeuza kioo kitazame dari.