Mafiga ya Mkwe

Ng'washi alipotoka Kisesa aliwaaga majirani kifua mbele: "Nakwenda Ngazidja, kwenye mji wa mwanangu." Mwanawe, Ngosha, alianza kwa kuuza mitumba pale Mirongo, Mwanza mjini, miaka ile biashara ilipokuwa ruksa. Mitumba ikamfikisha Komoro, kisiwa hicho cha Ngazidja, akamwoa Echati huko, akabaki.

Kisiwa kilimshangaza bibi wa watu. Mawe meusi yaliyotapikwa na mlima wa moto yamefika hadi baharini, na wenye sura ya Kiarabu na wenye sura kama yake wanaitana ndugu. Ila kilichomkaba ni chakula cha mchana: Ngosha kaketi mkeka mmoja na mama mkwe wake, mama yake Echati, wanachota wali sinia moja, wanacheka! Usukumani mtu humkwepa mama mkwe hata njiani, sembuse kula naye. Ng'washi alijifunika khanga usoni.

Kesho yake, Ngosha akiwa dukani, Ng'washi alihamisha mafiga, akamtuma Echati maji, kama mkamwana anavyotumwa. Kisha akamgeukia yule mama aliyekuwa anakuna nazi.

"Mkwe wangu, usione vibaya. Umekaa na watoto hawa vya kutosha. Kwako unarudi lini?"

"Kwangu?"

"Ndiyo. Mwanangu naye apumue kwenye nyumba yake."

Mbuzi ya nazi ikanyamaza. Echati, aliyekuwa akirudi na maji, akatua ndoo, akatazama pembeni.

"Dada," mama yake akasema polepole, "nyumba hii nilijengewa na baba yangu, nami nitamwachia Echati. Kwetu nyumba ni ya mwanamke, mume ndiye anayekuja. Mwanao ni mgeni wangu." Akaendelea kukuna. "Tena mgeni mwema. Hajawahi kugusa mafiga yangu."

Uso wa Ng'washi ukawaka. Akainama, akayarudisha mafiga moja moja kwenye majivu yake. Akachukua mfuko wake, akatoka.

"Mama, unakwenda wapi tena?" Echati akaita.

Ng'washi alisimama nje juu ya yale mawe meusi, ndala mkononi, kichwa chini.

"Hodi."

Nazi ikakunwa, ikakunwa.

"Hodi, wenyewe."

"Karibu, mgeni."

Aliporudi Kisesa majirani walijaa uani. "Eeh, mama Ngosha, tuambie! Mji wa mwanao mkubwa?"

"Mkubwa," akasema, akainama kupuliza moto uliokwisha kuwaka.