Kabari ya Randa

Usukani uligeuka kushoto, tairi likaendelea mbele kama halijaambiwa kitu. Kabla Bobini hajajua afanye nini, alikuwa ameshaingia mtaroni na baiskeli yake.

Bahati yake hapo palikuwa tambarare, naye alikuwa akienda polepole akitafuta kivuli. Tena mtaro wenyewe ulipita mbele ya banda la fundi baiskeli.

"Wateja wengine huwa wanapiga hodi," fundi alisema, akimvuta mkono. "Umeumia, mwanangu?"

"Nimeaibika tu."

Ilikuwa siku ya pili barabarani, yeye na kaka yake. Bobini alikuwa msichana fundi cherehani. Jina hilo, la kile kigurudumu cha uzi ndani ya cherehani, alipewa na kaka huyo huyo, seremala ambaye mtaa mzima ulimwita Randa, kwa kifaa chake cha kulainishia mbao. Wazo lilikuwa la Randa: waende kwa baiskeli hadi kwa dada yao mkubwa, safari ambayo hata basi huimaliza abiria wakiwa hoi. Na si kwamba walikuwa na baiskeli za maana. Walinunua mbili pacha, za bei ya chini kuliko zote dukani, zikiwa vipande ndani ya maboksi, na Randa akaziunga mwenyewe kwenye karakana yake. Mama yao alizizunguka mara moja akasema hiyo ni mikebe yenye magurudumu. Lakini mikebe ilipanda vilima, ikakata mavumbi, na Bobini, aliyezoea kukaa kutwa nzima ameinamia sindano, akaanza kujiona mtu anayeweza kufika popote.

Muda mfupi uliopita Randa alikuwa amempita akicheka. "Bobini, unaendesha au unashona barabara? Nakusubiri chini ya mteremko. Ukikuta nimelala, niamshe!" Akapotea na vumbi lake. Simu yake aliiacha kwenye begi la Bobini, maana suruali aliyovaa ilikuwa na mifuko iliyotoboka, na kila siku alisema ataileta ishonwe.

Fundi alilegeza nati, akashika usukani, akauvuta. Ulitoka wote, na shingo yake, bila ubishi, kama kijiko kwenye uji. Aliposimamisha baiskeli kichwa chini, unga wa kahawia ukamwagika kutoka kwenye bomba la mbele, kisha kikadondoka kipande chembamba kilicholiwa pande zote. Akakinusa.

"Hii mbao. Mbao na gundi! Nani kaweka mbao humu?"

"Kaka yangu. Shingo ya usukani ilikuwa nyembamba, inacheza ndani ya bomba. Akaitia kabari." Bobini mwenyewe ndiye aliyeshikilia fremu siku ile Randa akigonga kwa nyundo, na ilipokaza alimpigia makofi. "Viti vyake vyote anavikaza hivyo hivyo. Hata akivikalia mtu mnene, havitingishiki."

"Kiti hakiendi popote, mwanangu! Mashimo ya njiani yamesaga kabari hii, imekuwa pumba. Shukuru imekutupa hapa. Ingekutupa kule kwenye mteremko, kwenye ile kona..."

 Bobini alikuwa ameshageuka, anatazama kule mteremkoni.

"Aliziweka mbili," Bobini alisema. "Na yeye ameshashuka."

 Fundi alimvisha kofia ya pikipiki iliyomfunika uso, akawasha pikipiki yake, na Bobini akapanda nyuma.  Barabara ikainama. Mkono mmoja ukuta wa mwamba, mkono wa pili hakuna kitu, hewa tu. Kwenye kona ya kwanza Bobini alitafuta alama za tairi. Hakuna. Akapumua.

Kona ya pili, alama ilikuwepo. Barabara ilikata kulia, alama ilinyooka.

Na mbele ya alama hiyo, katikati ya lami, palisimama mtu. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine mtupu, bega la kushoto lilikuwa limeshuka vibaya, na damu ilimtoka kichwani. Mkono wa kulia ulikuwa umeinua usukani wa baiskeli juu ya kichwa.

"Simameni! Rudini juu!" alipiga kelele. "Kuna msichana anakuja na baiskeli, mzuieni! Ni mdogo wangu! Mwambieni asishuke!"

Pikipiki ilikuwa haijasimama vizuri, Bobini akaruka chini. "Kaka!"

"Mama, hujanielewa. Nenda kamzuie kwanza. Usukani wake umeliwa kama wangu."

Bobini alivua kofia, akamshika uso kwa mikono miwili. "Randa, nitazame. Ni mimi, Bobini. Sikushuka. Imeniangusha huko juu, kwenye tambarare."

Randa alimtazama, kisha akatazama nyuma yake, kule barabara ilikotokea. Wakamkalisha kando. Alikuwa amepanda kwa miguu kutoka huko chini alikoangukia, na mfupa wa bega umevunjika.

Fundi alijaribu kuutoa usukani mkononi mwake. Randa hakuuachia.

"Subiri kidogo, mzee wangu," alisema kwa upole, macho yake bado juu ya mteremko. "Bado hajapita."